Mabaka ya uwanja wa Hajati: kisa cha nyasi zilizopona Jinja bila dawa ya kupulizia

Uwanja wenyewe uko Jinja, upande wa makazi ya zamani yenye miembe mikubwa na nyumba za paa la vigae, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Mto Nile. Ni robo ekari hivi, tuseme mita za mraba 1,000. Mwenye nyumba ni Hajati, Mnubi wa Bombo aliyeolewa huku. Mumewe ni mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu, hadi wajukuu zake, humwita Afande. Vyumba vya wageni vipo, lakini pesa hasa inatoka kwenye nyasi: harusi, kwanjula (sherehe ya kutambulishana kabla ya harusi), sherehe za kuhitimu chuo, mara moja moja maulidi. Kijana wa bustani ni Mlugbara wa Arua. Hajati haelewi Kilugbara, kijana hasikii Kinubi, na Kisoga cha wote wawili ni cha sokoni, kwa hiyo kazi ya hapo inaendeshwa kwa Kiswahili.

Niliitwa mwishoni mwa Februari. Kiangazi kilichoanza Desemba kilikuwa hakijakatika, na uwanja uliokuwa ukisifiwa mtaa mzima ulikuwa umebaki kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Harusi ya wiki ya pili ya Aprili ilikuwa imeshapokelewa arbuni. Hajati alitaka kujua jambo moja tu: nyasi zitakuwa kijani siku hiyo au arudishe pesa za watu?

Afande alikuwa ameshatoa hukumu. Wadudu. Na dawa alikuwa nayo: chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, imejazwa kitu cheupe chenye harufu ya mafuta ya taa, aliyoletewa na jirani kutoka duka la pembejeo. Lebo hakuna. Kipimo alichoambiwa ni vizibo viwili kwa bomba moja la mgongoni.

"Ndege wanakuja hapa kila asubuhi kula hao wadudu," akasema. "Unataka ushahidi gani tena?"

Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa, na nitaeleza mbele kwamba nusu yake ilikuwa kweli. Lakini ndege walikuwa wakitua sehemu moja tu ya uwanja, ile ya mteremko. Kwenye mabaka mengine yote hapakuwa na alama hata ya kucha. Nikamwomba Afande chupa ikae stoo, juu, wasikofika watoto, mpaka tupite uwanja mzima kwa miguu.

Niseme mapema kwa nini sikuitaka ile chupa, maana wengi wanadhani watu wa bustani tunakataa dawa kwa sababu ya imani tu. Kwanza, dawa iliyomiminwa kwenye chupa nyingine haina jina, haina kipimo, wala haisemi watu wakae nje ya uwanja kwa muda gani baada ya kupulizia. Kwenye uwanja huu watoto wa maharusi hubingirika na mikate mikononi. Pili, dawa nyingi za wadudu wa udongoni na mchwa zilizozoeleka madukani kwetu zimekuwa za jamii ya klorpirifosi, kemikali ambayo mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ule wa kemikali za sumu zinazodumu, zilikubaliana kuiingiza kwenye orodha ya vitu vya kuondolewa duniani, ukiacha misamaha michache. Sikuwa na njia ya kujua kama ndiyo iliyokuwa mle ndani, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Tatu, mteremko ule unapeleka maji ya mvua mtoni. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinalinda mita 100 kutoka ukingo wa Nile, lakini maji ya mvua hayajui mita 100 zinaishia wapi.

Na nne, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote katika kisa hiki: tulikuwa hatujajua nyasi zinaumwa nini.

Mabaka yalivyosomwa

Tulianzia nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Hapo kulikuwa na miduara mitano iliyokufa kabisa, ya ukubwa unaolingana, imepangika kwenye mstari ulionyooka. Kijana alikuwa anaamini ni kiota cha wadudu kwa sababu ya ule umviringo. Nikamwuliza: siku za harusi, wapishi wanaweka wapi masigiri? Akacheka peke yake. Ukikwaruza udongo wa juu kwa kisu ulikuwa bado una majivu na vipande vya mkaa, na mduara mmoja ulikuwa na mkia mrefu wa nyasi zilizoungua kuelekea mtaro, mahali maji ya moto ya sufuria za matoke yalipomwagwa. Mdudu hafi wala haishi kwa mstari ulionyooka namna ile.

Mbele, panaposimamishwa hema kubwa, nyasi hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimedumaa, njano, zimelala chini. Nilichukua bisibisi ndefu nikaisukuma ardhini kwa kiganja. Kando ya uzio ilizama yote bila shida. Kwenye eneo la hema iligoma baada ya sentimita mbili. Udongo ule ni mfinyanzi mwekundu, na umekanyagwa miaka na miaka na viti vya plastiki, visigino na magari ya watu wa muziki yanayorudi kinyumenyume kushusha spika. Mizizi haiwezi kupenya pale, maji hayapenyi, na mvua ikinyesha inateleza juu kwa juu kwenda kwa jirani.

Kisha nikapiga magoti katikati ya uwanja, mahali palipoonekana pazuri kwa mbali. Ncha za majani zilikuwa nyeupe na zimechanika nyuzinyuzi. Hiyo ni kazi ya kisu butu cha mashine; badala ya kukata, kinang'oa. Nikaweka rula: sentimita mbili na nusu. Hii ni paspalum, jani pana linalotambaa, na Hajati alikuwa akiagiza ikatwe chini kabisa kila Ijumaa, kiangazi na masika.

Nikachimba kipande kidogo kwa kisu cha jikoni. Mizizi ilikuwa haizidi urefu wa kidole changu cha shahada. Udongo ulikuwa na unyevu sentimita moja tu juu, chini yake vumbi. Kijana alikuwa akimwagilia kila jioni kwa mpira, dakika chache hapa, dakika chache pale, kwa bidii kabisa. Maji yale yalikuwa yanaifundisha mizizi kukaa juu, na kwa kuwa ni ya jioni, majani yalikuwa yanalala yameloa usiku kucha, hali ambayo kuvu wanaipenda sana.

Kwa hiyo, ukiniuliza ugonjwa mkuu wa uwanja ule, nitajibu kimo cha kukata. Jani ndilo linalopika chakula cha mmea. Ukilikata likabaki kidogo, mmea unaacha kujenga mizizi ili kwanza uote jani jingine, na kila Ijumaa unarudishwa mwanzo. Mizizi ikiwa mifupi, jua la Januari linaua. Udongo ukibaki wazi, mwanga unafika chini na mbegu za magugu zinaota. Na mabuu yakila mizizi michache iliyopo, mmea hauna akiba. Mambo haya yote watu huyaita wadudu.

Sehemu ya Afande

Sasa twende kwenye mteremko, palipokuwa na ndege. Walikuwa kwarara, wale wa mdomo mrefu uliopinda wanaoamsha mji kwa kelele alfajiri. Walikuwa wameacha vitundu vyembamba kila mahali, virefu, vinene sawa na penseli. Kwarara hafukui ovyo. Akikaa mahali pamoja asubuhi mfululizo, chini kuna chakula.

Nilikata nyasi pande tatu za mraba wa sentimita 30 kwa 30, nikaingiza koleo bapa chini yake na kuinua upande ulio wazi. Kwenye kipande cha kwanza, nje kidogo ya baka, ilibidi nivute kwa nguvu. Mizizi ilishika, na chini nikaona buu mmoja. Kwenye baka lenyewe sikuhitaji nguvu. Nyasi ziliinuka zenyewe, hazina kitu kinachozishikilia, na udongo ulikuwa laini unamong'onyoka. Mabuu yalikuwa tisa: meupe, manene, yamejikunja, vichwa vya rangi ya kahawia, miguu sita mbele na tumbo la nyuma linaloonyesha weusi wa udongo walioula. Ni watoto wa mbawakawa, wale wanaogonga taa za varanda mvua zinapoanza.

Hajati alirudi nyuma hatua mbili. Afande alinitazama bila kusema neno, hakuhitaji.

Hesabu inayotumika kwa mabuu ya aina hii ni kwamba chini ya matano kwenye mraba wa namna hiyo nyasi hazionyeshi hata dalili, na nyasi zenye mizizi mirefu hubeba kumi au zaidi. Baka lile lilikuwa na tisa kwenye nyasi dhaifu, kwa hiyo Afande alikuwa sahihi pale. Lakini baka lilikuwa dogo, halizidi mita tatu kwa nne. Kupulizia mita 1,000 kwa sababu ya mita 12 ni hesabu mbovu hata ukiwa hujali mto wala ndege. Na mabuu yakishakuwa makubwa namna ile, dawa ya juu huwa haiyafikii vizuri, hasa kwenye udongo mkavu. Inaowafikia ni minyoo ya ardhini, chungu na nyigu wanaotaga juu ya mabuu hayohayo. Halafu kwarara anakula buu lililopuliziwa.

Kulikuwa pia na mchwa kando ya uzio, vijia vya udongo juu ya majani makavu. Afande alivionyesha kama shahidi wa pili. Mchwa wale walikuwa wanakula kilichokufa. Kichuguu chao kiko upande wa pili wa uzio, na nilipouliza kama nacho kipuliziwe, kijana alishtuka kuliko nilivyotarajia: kumbikumbi wa kichuguu kile ndio wanaokaangwa nyumba tatu za mtaa ule mvua zikianza. Hajati mwenyewe anawapenda wa kukausha. Hoja ya mchwa ikaishia hapo.

Mabishano ya sentimita

Kazi ngumu ilikuwa kumshawishi Hajati juu ya kimo. Nilipendekeza sentimita saba: nyasi zikifika kumi, zipunguzwe hadi saba, zisikatwe zaidi ya theluthi ya jani kwa mara moja.

"Mwanangu," akasema, "watu watasema sina mfanyakazi. Watu wa mjini wanataka waone nyasi zimekatwa."

"Hajati, zitakatwa. Tena kila wiki mvua zikija. Ila zikatwe sawasawa kwa kisu kikali. Nyasi zilizosawazishwa hakuna atakayeziita ndefu."

"Na viatu vya maharusi?"

Hapo aligusa jambo. Bibi harusi hatembei kwenye nyasi za sentimita saba kwa raha, na visigino vinazama. Tukakubaliana njia ya bibi harusi iwekewe zulia, kama inavyofanyika kwenye kumbi, na uwanja ugawanywe kwa ile njia ya vigae inayopita katikati: upande wa juu ubaki kwa kimo chake, upande wa chini uende kwa kimo changu, mpaka Juni. Alikubali kwa sababu alikuwa na hakika atashinda. Mimi nilifurahi, maana maneno yangu yasingefanya kile ambacho macho yake yangefanya.

Kijana alinoa kisu cha mashine kwa tupa siku ileile. Ilichukua muda mfupi kuliko chai. Kapu la kukusanyia majani likavuliwa pia, vipande viangukie humohumo. Ni vidogo, vinaoza haraka, na vinarudisha udongoni naitrojeni ambayo ungeinunua dukani, karibu robo ya mahitaji ya nyasi kwa mwaka. Kabla ya hapo vilikuwa vinachomwa nyuma ya choo.

Kuhusu maji tulipiga hesabu mbele ya Hajati. Nyasi zinazokua zinataka kama milimita 25 kwa wiki. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo uwanja mzima unataka lita 25,000, yaani jerikeni 1,250 za lita 20, kila wiki, kwa maji ya bomba yanayolipiwa. Hajati akasema hata Nile ipande kilima bili hiyo hailipi. Tukaamua uwanja ulale. Paspalum iliyokauka juu haijafa; shina la chini linangoja, na kunyunyiziwa vizuri mara moja kila wiki mbili tatu kunatosha kulishikilia. Eneo la mbele tu, robo ya uwanja, ndilo lililopewa maji kamili, mara mbili kwa wiki, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na makopo matupu ya maziwa ya watoto yaliwekwa huku na huku ili kijana aone kwa macho milimita zimefika ngapi. Aligundua mwenyewe kwamba pembe moja ilikuwa inapata mara tatu ya nyingine.

Eneo la hema lilichomwa mashimo kwa uma wa kuchimbia, mara tu mvua ya kwanza ya Machi ilipolainisha ardhi: meno yazame sentimita kumi, uma utikiswe, usogee kiganja kimoja, tena. Hiyo ni kazi ya mgongo, na sitamshauri mtu aifanye robo ekari nzima kwa mkono. Juu yake tukatandaza mboji iliyochekechwa, unene wa nusu sentimita, ikafagiliwa iingie mashimoni. Mboji ilitoka kwa mfuga kuku wa barabara ya Iganga. Mabanda mengi ya kuku hapa kwetu yanatandikwa maganda ya kahawa, na yakichanganyika na kinyesi yanakuwa mali, ila si mabichi. Mabichi yanaunguza nyasi na kuleta nzi mpaka chumba cha wageni. Hii ilikuwa imelundikwa na kugeuzwa miezi kadhaa, haina tena harufu ya kuku. Uwanja mzima ungekula mita tano za ujazo. Tulinunua ya eneo la hema na la masigiri tu.

Baka la mabuu lilishughulikiwa na kuku wa Hajati. Nyasi zilizokufa ziliondolewa, udongo ukapinduliwa kwa jembe, na kuku wakafunguliwa asubuhi kadhaa. Walioachwa na kuku waliokotwa na kwarara, ambao hawakuonekana kujali kushindana. Hebu fikiria mayai ya kuku hao kama chupa ya Afande ingekuwa imetangulia. Kisha kijana akapanda vipande vya nyasi vilivyong'olewa kando ya uzio, nafasi ya shubiri kati ya kimoja na kingine. Na taa mbili kubwa za uwanja, zilizokuwa zikiwaka hadi alfajiri, sasa huzimwa wageni wakiondoka. Mbawakawa huvutwa na mwanga jioni za mwanzo wa mvua, wanatua, na wanataga hapohapo.

Harusi na yaliyofuata

Harusi ilifanyika. Uwanja haukuwa kijani wote. Baka la mteremko lilikuwa bado linaonyesha udongo kati ya vipandikizi, na tukawaomba watu wa muziki waweke jukwaa lao mahali pengine kabisa. Hema lilihamishwa upande wa pili. Wapishi walipelekwa kwenye murram kando ya geti, na mmoja wao alinung'unika kwa sababu ya umbali wa kubeba sahani. Hajati ameongeza mstari kwenye risiti ya kukodisha: sigiri na maji ya moto havikanyagi nyasi, atakayekiuka anakatwa kwenye amana. Kwangu mstari huo una faida kuliko chupa yoyote.

Kisa kingeishia hapo kama si simu ya usiku mwishoni mwa Aprili. Kijana alikuwa na tochi, anahema. Viwavijeshi.

Kesho yake tulimwaga maji ya sabuni: vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita nne, juu ya mita moja ya mraba, ukangoja dakika kumi. Sabuni inawakera, wanapanda juu. Walitoka, weusi kwa mgongo, mistari ya njano-kijani ubavuni, warefu karibu sentimita tatu. Ukanda wa uzio wa upande wa shamba la jirani ulikuwa umeliwa hadi mishipa ya majani.

Afande alitaja stoo. Safari hii sikubishana juu ya mto. Nilimwonyesha ukubwa wao. Viwavi wadogo unaweza kuwapulizia maji ya mbegu za mwarobaini, gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa kila lita, zilowe usiku kucha. Kijana ana ndugu Arua wenye miti hiyo, ingawa nayo si ya kumwaga ovyo karibu na maji. Hawa walikuwa wamefikia mwisho wa kula. Siku chache zaidi wangeingia ardhini kuwa bundo, ile hatua ya kulala kabla ya kuwa nondo, dawa au bila dawa. Na walikuwa wanakula majani, hawagusi shina la chini ambako nyasi huchipukia. Mvua ilikuwepo. Tuliwakusanya tulioweza kwa reki asubuhi kukiwa na baridi, kuku wakapata sikukuu nyingine, na mchana wakashuka yangeyange kundi zima, pamoja na kaloli wawili, wale korongo wakubwa wenye upara, wanaotembea polepole kana kwamba wao ndio wenye uwanja. Ukanda ule ulichipua tena mwezi Mei. Mazao ya mahindi ni hadithi tofauti. Mkulima mwenye mahindi machanga hana nafasi ya kungoja hivyo, na simwambii afanye hivyo. Nyasi za uwanja zinaweza kuliwa zikarudi.

Juni mvua zilipokatika ndipo ule mgawanyo wa njia ya vigae ulipoanza kusema. Upande wa juu, wa kimo kifupi, ulianza kugeuka rangi mapema, kwanza kwenye vijinundu, halafu kote. Upande wa chini ulibaki kijani wiki kadhaa zaidi, kwa maji yaleyale. Magugu nayo: juu kijana alikuwa anang'oa kishona nguo kila wiki, chini aliokota mmoja mmoja. Hajati hakuniambia nimeshinda. Alimwambia kijana, mimi nikiwa nimesimama pale, "Pandisha mashine na huku." Halafu akaniuliza habari za watoto.

Chini ya mwembe mkubwa hatukufaulu. Kivuli ni kizito mno, mizizi ya mti inanyonya yote, na nyasi zilizopandwa zilioza. Nilipendekeza paachwe: maganda ya kahawa yatandazwe unene wa kiganja, viti vya mbao viwekwe, wazee wapate mahali pa kukaa. Hajati bado anataka nyasi pale. Anasema enzi za mama mkwe zilikuwepo. Afande anasema enzi hizo mwembe ulikuwa mdogo.

Chupa bado iko stoo. Haimwagwi chooni wala mtaroni, na duka ilikotoka halijakubali kuirudisha. Nimeshauri iandikwe SUMU kwa wino usiofutika na ifungiwe mpaka ofisi ya kilimo ya jiji iseme ipelekwe wapi.

Limebaki eneo la bomba la nje, palipojaa ndago. Kijana ameing'oa tena na tena, na kila mara inarudi kutoka kwenye vifundo vilivyobaki chini. Bomba linavuja usiku na mchana, na ndago inapenda udongo ulioloa. Fundi bomba ameahidi kuja tangu Mei. Mpaka aje, nimemwambia kijana apumzishe mikono yake, atumie muda huo kunoa kisu cha mashine.